Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka huu: madume waingie Machi, tuzalishe Desemba

Mwangaluka wazee wangu, mwangaluka akina mama na vijana. Siku ya mkutano mkuu wa chama chetu cha wafugaji wengi mlikuwa shambani ndo maana naandika, kila mtu asome kwa nafasi yake. Mambo ya ada na matumizi mweka hazina atawaletea mwenyewe, mi sigusi. Josho limefanya kazi, lambo limekauka mapema kama kawaida yake. Hayo yamepita, nataka tuongee hili lililotugawa mwaka mzima, kusogeza mbele muda wa ng'ombe kuzaa.

Huku Igunga si mnajua ilivyo, dume anashinda na majike mwaka mzima, anapanda anayemtaka siku anayotaka. Mimba ya ng'ombe ni kama siku 283, miezi 9 na siku kidogo, sasa akipandwa mwanzoni mwa Januari anazaa katikati ya Oktoba, na Oktoba mbuga yote ya Wembere ni vumbi, mabua yameisha, ngitili, yale malisho tunayotunza kwa ajili ya kiangazi, imebaki vijiti, jike anatembea kutwa kufuata maji halafu jioni bado umkamue. Mliokuja kule bondeni kwa mwenzetu mmoja mliona, jike katoka kuzaa, mbavu unazihesabu ukiwa mbali, ndama anapiga kiwele kwa kichwa, anapiga tena, anaacha anaenda kulamba udongo.

Wengi mnadhani tunasogeza kwa ajili ya ndama. Ndama anafaidika kweli, ila hesabu iko kwa mama yake. Ukitaka ndama kila mwaka kwa jike yule yule, toa 283 kwenye 365 zinabaki 82, ndani ya hizo kizazi kiwe kimerudi, aje kwenye joto, yaani atake dume, na ashike mimba, na ndo kipindi hicho hicho anatoa maziwa mengi kuliko wakati wowote. Aliyekonda hawezi, chakula kidogo anachopata kinaishia kwenye maziwa, joto haliji, ndo wale wanazaa mwaka huu mwaka kesho wanapumzika, halafu mwenye ng'ombe anazunguka anasema karogwa.

Kwa hiyo tulichokubaliana wengi ni dume aingie tarehe 1 Machi, ndama wa kwanza aje kwenye tarehe 9 Desemba. Kwa nini siyo Novemba wakati mvua imeshapiga? Kwa sababu nyasi za mwanzo ni maji matupu, ng'ombe anajaza tumbo, anaharisha, nguvu hana. Zinakuja kukomaa vizuri Desemba. Dume akae siku 63 tu atoke, jike anarudi kwenye joto kila siku 21 hivi, maana yake kapata nafasi tatu, na asiyeshika kwa nafasi tatu tena kanenepa, huyo peleka mnadani bila huruma. Mitamba tuwatangulize katikati ya Februari kwa sababu jike wa uzazi wa kwanza anachelewa kurudi kwenye joto, tumpe muda.

Akina mama mlisema Oktoba na Novemba nyumbani hakutakuwa na maziwa, ni kweli na sina jibu zuri, kwa hiyo mwenye kundi kubwa abakize majike wawili watatu wa nyumbani nje ya mpango, awape pumba. Kupe nao watakuwa wengi mvua zikikolea, ndigana kali itawasumbua ndama wadogo, hapo ni kuogesha kila wiki bila kuruka na mwenye uwezo achanje, hiyo chanjo anachanjwa mara moja tu. Na ndama wa Desemba ukimuuza mwezi ule ule uliozoea atakuwa mwepesi kuliko wa Oktoba. Sawa, lakini mwepesi aliye hai na mama yake ana mimba nyingine, mi nachukua huyo.

Kinachoniumiza kichwa hasa ni madume wenyewe. Malisho ni ya wote, ukimfungia wako wa jirani anakuja. Wangu nilimtenga kwenye boma la miiba, usiku kucha analia, kachimba shimo kwa kwato pale mlangoni, mwisho kaisukuma ile miiba kwa pembe huyo katoka, asubuhi namkuta katikati ya majike katulia kabisa. Dume peke yake hakai. Kitongoji kimoja wamefanya vizuri, wamekusanya madume wote kundi moja pamoja na maksai kadhaa, mchungaji wao mmoja, wanalishwa upande mwingine wa korongo na maji yao mbali na ya majike, kelele zimeisha. Naomba vitongoji vingine mwige.

Halafu hatuhitaji madume wote hawa. Mmoja mzima anatosha majike 20 mpaka 25, waliobaki ni kuhasi tu, na tuanze na wale vijana maana ndo wanaoharibu mpango wakati mwenyewe unawaona watoto. Kwa koleo la kuhasi, lile la kubana mishipa ya kende bila kupasua ngozi, hakuna damu wala kidonda cha nzi, ila kila mshipa ubanwe peke yake, mmoja juu kidogo mwingine chini kidogo, ukibana mistari ikakutana katikati unakata damu ya mfuko mzima na utaoza.

Ambao majike wenu bado wanazaa Oktoba msikurupuke kuwazuia mpaka Machi mwaka wa kwanza, watakaa bure muda mrefu mno, sogezeni mwezi mmoja kila mwaka. Koleo la chama lipo kwa katibu, Jumamosi baada ya kuogesha tutakuwa pale pale joshoni na bwana mifugo, leteni madume na kamba zenu, kamba za chama zimeisha.