Kabla Hujaing'arisha Sanamu Yako ya Kauboi

Mteja akiingia dukani kwetu, tunakokarabati sanamu hapa Fort Worth, Texas, amekumbatia sanamu ya kauboi, aghalabu ni ileile: farasi kasimama kwa miguu ya nyuma, mpandaji kang'ang'ania singa, kiboko mkononi. Ni "Bronco Buster", yaani mtiisha farasi mwitu, sanamu ya kwanza ya shaba ya msanii wa Marekani Frederic Remington, ya mwaka 1895. Mteja kaipata kwenye mnada wa vyombo vya marehemu, jina la Remington limo kwenye kitako, na anataka kujua kama katajirika.

Pole, kwa kawaida hajatajirika. Remington alifariki 1909, hakimiliki imekwisha zamani, na leo mwenye kiwanda cha kusubu shaba anaweza kutoa nakala, sahihi ya msanii ikiwa palepale. Si haramu. Haramu ni kukuuzia kana kwamba ndiyo ile ya zamani.

Sisi huanza na sumaku. Ikinasa, hiyo si shaba. Kisha tunatazama vidole, hatamu na uso. Nakala iliyochukuliwa juu ya nakala hupoteza makali, na huwa ndogo kidogo kwa sababu shaba husinyaa ikipoa. Kitako cha marumaru nacho hututia shaka mara moja.

Lakini kinachotuuma zaidi ni dawa ya kung'arisha. Jamani, iacheni! Ile rangi ya kahawia si uchafu. Kiwandani shaba hupashwa moto na kupakwa kemikali mpaka ishike rangi, na rangi hiyo ni sehemu ya kazi ya msanii. Tumeletewa farasi ambaye pua inameta kama bomba jipya la maji huku mikunjo ya shingo ikibaki nyeusi. Kurudishia rangi tunaweza, ila kama sanamu ni ya asili, thamani imeshashuka. Nyumbani inatosha brashi laini ya kufutia vumbi. Kupaka nta tuachie sisi.

Vyeti vya uasili hatutoi. Tukiona dalili nzuri tutakuelekeza kwa wataalamu wenye kumbukumbu za viwanda vya wakati ule. Ikiwa ni nakala tutakwambia hivyo, na bado itapendeza sebuleni.

Ukitaka kuzoeza macho kwanza, nenda makumbusho ya Amon Carter hapahapa mjini. Kiingilio ni bure, na wana kazi nyingi za Remington na za Charles Russell, msanii mwingine wa mambo ya kauboi. Tazama vidole na hatamu kwa makini, halafu tuletee yako na vumbi lake.