Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji na Mazingira: maji yanayoingia baharini bila kupimwa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuomba siku moja ya bamvua, maji yakishakupwa, uvue viatu ushuke ufukweni. Utakuta mahali mchanga unavuja: michirizi myembamba inatoka chini na kuteremka baharini, mara nyingi baridi kuliko maji yanayoizunguka. Inapokutana na maji ya chumvi, utaona kama mvuke wa jua kali unavyocheza juu ya lami. Humo mna mvua iliyonywewa na ardhi, pengine miaka mingi iliyopita, ikasukumwa polepole mpaka ikapata pa kutokea.

Sheria nyingi za kulinda bahari zimeandikwa kwa kutazama mdomo wa mto na mdomo wa bomba. Mchirizi huu hauna mdomo, kwa hiyo hauna wa kuuulizia. Na si mdogo. Mwaka 1996 mwanasayansi Willard Moore alipima radiamu, elementi ambayo maji huiokota yakiwa ardhini, katika bahari ya kusini-mashariki mwa Marekani, akakadiria kuwa maji yanayotoka ardhini hapo yanafikia kama asilimia 40 ya maji ya mito ya eneo lile. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ni maji ya bahari yaliyopenya mchangani yakarudi. Lakini hata hayo hayarudi matupu. Hutoka na naitrojeni, fosforasi, silika na chuma.

Mzigo huo ukiwa wa kiasi, ni chakula. Vijimea vya baharini hustawi, chaza wakanenepa, samaki wakaja. Ukizidi, ni maangamizi ya taratibu. Naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, ya mbolea na ya makaro hupenya udongo kirahisi, ilhali fosforasi mara nyingi hunasa kwenye chembe za mwamba, basi bahari inapokea mlo usio na uwiano. Mwani hufunika matumbawe. Nyasi bahari hukosa mwanga, na humo ndimo samaki wengi wanamokulia.

Usiniambie kwamba karo liko mbali na maji. Mwaka 2011, huko Lahaina, Hawaii, watafiti walitia rangi kwenye visima virefu vilivyokuwa vikimwagiwa maji taka yaliyosafishwa. Baada ya siku 84 rangi ikaanza kutokea baharini, kwenye matumbawe. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2020 ikaamuliwa kuwa kibali kinahitajika pale ambapo maji taka yakipitia ardhini ni sawa na kumwagwa baharini moja kwa moja.

Kuna upande wa pili, nao unaniuma zaidi kwa sababu hausemwi. Tukivuta maji kupita kiasi kwenye visima, chemchemi za baharini hufifia na chumvi huingia bara. Bahrain wazamiaji wa lulu walikuwa wakijaza viriba maji matamu chini ya bahari. Visima vilipozidi, chemchemi nyingi zikakauka. Hivyo kibali cha kisima ni kibali cha bahari pia, hata kama fomu haisemi hivyo.

Wataalamu wako wanaweza kuanza na vitu vichache: kupima chumvi na radoni, gesi ambayo maji huibeba kutoka ardhini, ufukweni wakati wa kupwa, na kuchora ramani ya mahali maji yanapotokea. Nakutahadharisha tu kwamba naitreti iliyokwisha zama ardhini itaendelea kutoka kwa miaka, pengine baada ya wewe kuondoka ofisini. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza mwaka huu.

Naomba unijibu hadharani swali moja. Mtu anapoomba kibali cha kujenga hoteli au kuchimba kisima karibu na bahari, ni nani wizarani anayeuliza maji yake yatatokea wapi?

Wako mwenye heshima,
Mkazi wa pwani