Somo yangu, kijana amekataa sala ya jioni

Somo yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo huko? Shemeji mzima? Sisi hatujambo, ila magoti ya mama mkwe bado yanamsumbua, na kitinda mimba ndiyo kwanza anatoka kwenye mafua yaliyoizunguka nyumba nzima. Nimefurahi mno kusikia mwalimu wetu wa kwaya ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mwambie tunamwombea, na asithubutu kusimama mazoezini kabla hajapata nguvu.

Barua yako imekaa ndani ya Biblia yangu siku nyingi. Nilikuwa nasubiri nitulie ndipo nijibu, na huko kutulia kwenyewe hakuji, basi nakuandikia hivi hivi, wenzangu wamelala.

Ni kijana. Kifungua mimba wangu amekataa sala ya jioni.

Sala yetu unaijua, umeshaiongoza mwenyewe. Tukimaliza kula, vyombo vinasogezwa, mwenye zamu anachagua wimbo na kusoma, kisha kila mmoja anataja la kushukuru na la kuomba. Mama alitulea hivyo, naye alilelewa hivyo na bibi. Kile kitabu cha nyimbo tunachotumia ni chake mama. Jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi, na pembeni ameandika kwa penseli: huu tuliimba baba alipolazwa, huu siku ya ubatizo wa mdogo wako, huu usiimbwe haraka. Nikikifungua namsikia kabisa anavyovuta pumzi kabla ya ubeti wa kwanza.

Sasa ilifika zamu ya kijana, akasema taratibu, bila ukali wowote, "Mama, niruke." Baba yake akamuuliza kulikoni. Akajibu, "Sina hakika kama kuna anayenisikia. Nikisema maneno nisiyoyaamini, si nitakuwa nawadanganya nyote?" Akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango polepole. Somo, angeubamiza ningeweza kulala. Hasira za watoto nazijua, zinapoa. Ila huu ulikuwa utulivu wa mtu aliyefikiri.

Tangu hapo anakula nasi, anaongea nasi, anacheka, na kitabu cha nyimbo kikitolewa tu, anainuka. Jioni moja kitinda mimba alipopata zamu akaomba kwa sauti kubwa, "Mungu, usimtafute kaka hapa, yupo chumbani, mlango wa pili, kushoto." Tulicheka wote, hata baba yao. Halafu hakuna aliyeweza kuanzisha wimbo. Najua kijana alisikia, kuta zetu unazijua.

Ushauri nimepewa wa kutosha. Kwenye umoja wetu wa akina mama mmoja aliniambia nifunge, na hilo nimelipokea. Mwingine akasema nimnyang'anye simu mpaka arudi mezani. Nilimjibu kwamba simu atanyang'anywa akikosea mambo ya simu. Mtoto atasali ili arudishiwe simu, halafu mimi nimshukuru Mungu kwa lipi? Wa tatu alianza kunong'ona habari za pepo, nikaaga.

Baba yao naye ana andiko lake, lile tulilolitundika sebuleni: mimi na nyumba yangu tutamtumikia Bwana. Anasema nyumba ni nyumba, aliyemo anafuata. Namheshimu, na najua chini ya ule ukali kuna hofu kama yangu. Lakini usiku mmoja nilimfungulia Yoshua 24 tukausoma mstari wa 15 wote. Kile kibao kimeandikwa nusu ya pili tu. Nusu ya kwanza Yoshua anawaambia watu, chagueni hivi leo mtakayemtumikia. Anawawekea uchaguzi kwanza, ndipo anataja wa kwake. Mume wangu alinyamaza kwa muda mrefu, akasema, "Lakini Yoshua hakusema nini kingetokea kama mwanawe angechagua vingine." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Aliyenisaidia ni Monika, mama yake Agostino, yule mwalimu mkuu wa kanisa la kale. Tulizoea kumtaja kwa machozi yake tu, kwamba alilia na kuomba mpaka mwanawe akaokoka, basi. Lakini Agostino mwenyewe amesimulia mengi kuliko hayo. Agostino alipojiunga na wafuasi wa Mani, dini nyingine ya siku zile, Monika alikataa kula naye meza moja. Meza, somo! Mama yule yule tunayemsifu kwa uvumilivu. Kisha akaota ndoto, amesimama juu ya ubao wa kupimia huku analia, na kijana mmoja mwenye kung'aa akamwambia atazame, alipo yeye ndipo na mwanawe alipo. Akageuka, akamwona Agostino amesimama kando yake juu ya ubao ule ule. Baada ya ndoto hiyo akamrudisha mezani. Na bado Agostino alikuwa hajabadilika hata kidogo! Ilipita miaka karibu 9 mingine.

Na kuna askofu mmoja ambaye Monika alimwendea amsihi abishane na mwanawe, amwonyeshe makosa yake. Askofu akakataa. Akamwambia kijana bado hajawa tayari kufundishwa, mwache alipo, wewe mwombee tu, atagundua mwenyewe kwa kusoma. Alikuwa anajua anachosema, maana yeye mwenyewe alipokuwa mdogo mama yake alimpeleka kwa watu hao hao wa Mani, akavisoma vitabu vyao, karibu vyote, na hata kuvinakili, akatoka bila kubishana na mtu. Monika hakuridhika, akazidi kulia na kumng'ang'ania, mpaka askofu akachoka akamwambia nenda zako, haiwezekani mwana wa machozi haya apotee. Agostino alibatizwa na askofu Ambrosi kule Milano, Pasaka ya mwaka 387, akiwa na miaka 32. Mama yake alikuwepo. Mwaka huo huo akafariki.

Miaka 32. Wa kwangu hajafikisha hata 17.

Sikuandikii haya kana kwamba nimeshapata amani yote. Kuna usiku naamka najiuliza kama tulimbana mno, au tulimlegezea mno, au ni ile shule, au ni… basi. Lakini kuhusu meza sina shaka tena. Kula tunakula wote, hilo halina mjadala. Sala nayo haiahirishwi wala haifupishwi kwa ajili yake, na wadogo zake wanakaa. Wa pili tayari ameniuliza, "Na mimi naweza kuchagua?" Nikamwambia, kwa umri wako unachagua wimbo. Kijana akitaka kuinuka, ainuke. Akitaka kukaa bila kufungua mdomo, akae. Zamu yake hatujaigawa. Ikifika, baba yake anaisoma sura ya siku hiyo, na jina la mwenye zamu linabaki kwenye orodha pale ukutani. Mume wangu ndiye aliyesema tusilifute. Mimi nilikuwa sijaliwaza hata hilo, na nilimpenda upya kwa neno lile.

Tena nikwambie kitu. Zile kazi zetu za Jumamosi jioni bado anazifanya. Unakumbuka mama alivyokuwa, kwamba Jumapili isikute nguo haijapigwa pasi wala kiatu kina vumbi, ili watu wapumzike kweli na siyo kukimbizana asubuhi. Viatu ni kazi yake kijana tangu akiwa mdogo. Anavipanga kuanzia vya baba yake mpaka vya kitinda mimba, anatoa kamba, anafuta kingo za soli kwa kitambaa kilekile chakavu, anapaka dawa, anaviacha vikauke, ndipo anasugua. Vya bibi yake anavimaliza vya mwisho na anavipeleka mwenyewe mpaka kando ya kitanda, kwa sababu ya yale magoti. Hajaacha hata Jumamosi moja. Anawatayarishia watu viatu vya kwendea ibadani, mtoto anayesema hana hakika. Nani ataniambia imani haimo humo?

Wiki iliyopita nilikuwa napiga pasi na yeye yuko na viatu vyake, akauliza bila kuinua kichwa, "Mama, wewe ulijuaje?" Nilitetemeka mkono. Nikaikumbuka Kumbukumbu la Torati 6. Sote tumezoea ule mstari wa 7, kufundisha watoto uketipo nyumbani na utembeapo njiani. Ukiendelea mpaka wa 20, unaambiwa mtoto atauliza haya yote maana yake nini, na ukiulizwa hupewi hoja za kumshinda, unaambiwa umsimulie: tulikuwa watumwa wa Farao, Bwana akatutoa. Basi nikamsimulia mwaka ule. Wewe unaujua, ulikuwepo, sitaurudia hapa. Alikuwa hajawahi kuusikia wote. Aliacha kusugua. Mwisho akasema, "Kumbe shangazi alikuja kwa miguu?" Ni hilo tu alilouliza, kuhusu wewe. Nikamwambia ndiyo, kwa miguu, na mvua.

Kwa hiyo nimeamua jambo jingine, na hili nimelichukua kwa Susanna Wesley, mama yake John na Charles, wale walioanzisha Umethodisti. Alizaa watoto 19, wengi wakafa wachanga, na hao waliobaki aliwafundisha mwenyewe nyumbani. Pamoja na msongamano wote ule, kila mtoto alikuwa na jioni yake ya kukaa na mama peke yake, kuzungumza habari za roho. Alhamisi ilikuwa ya John. Naye alipokuwa mtu mzima na kasisi alimwandikia mama yake akitamani ile nafasi yake ya Alhamisi jioni. Watu wa ibada nao wana njaa ya mama zao! Mimi nina watoto watatu tu, nashindwaje? Jumanne nimempa kijana. Tunakaa nje, anazungumza anachotaka, na Biblia siigusi mpaka yeye ataje. Mara nyingi tunazungumza habari za injini.

Na wewe usikate tamaa na nyumba yako kwa sababu shemeji haendi kanisani. Babaye Timotheo alikuwa Myunani, na Paulo akimwandikia kijana huyo anataja imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Wanawake wawili na mtoto mmoja. Wewe endelea.

Ombi langu sasa. Likizo inakaribia na nataka kijana aje kwenu. Anampenda shemeji, anasema ndiye mtu mzima pekee anayemjibu "sijui" akiwa hajui. Tafadhali msimwekee kikao. Shemeji amfundishe kufungua na kurudisha zile mashine zake, na wewe endelea na sala yako kama kawaida, kwa sauti ile ile, asione mnabadilisha chochote kwa ajili yake. Akikuuliza habari za mwaka ule, msimulie kwa upande wako. Mengine mimi siyajui, nilikuwa kitandani.

Halafu niambie: huyo mkubwa wako, kile kipindi chake kilidumu muda gani? Ulimwambia nini, au ulinyamaza? Wadogo zake walimfuata, au hofu yangu ni ya bure? Mama mkubwa bado anaamka alfajiri kutaja majina yetu sote, na kama anaamka, unaweza kumwomba amtaje huyu mara mbili? Na ule wimbo wa mama wenye maandishi "usiimbwe haraka", sauti ya pili inaanzaje pale kwenye kiitikio? Huku tunabishana kila Jumapili.

Shemeji atakubali? Nijibu mapema, ili nijue kama nimkatie tiketi ya kwenda na kurudi au ya kwenda tu, arudi na nyinyi mkija kwenye ubarikio.

Wasalimie wote.

Ni mimi, somo yako