Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini: majeruhi wa kazi za mafuta na fomu isiyojazwa

Kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu fidia ya wafanyakazi wanaoumia katika kazi za mafuta, kuanzia visima vya Lokichar kule Turkana hadi matangi ya Changamwe, Mombasa, kwa sababu sheria imeamua kwamba madai yao yapitie mezani pako. Kifungu cha 16 cha sheria ya mwaka 2007 ya fidia za majeraha kazini, ambayo sote tunaiita WIBA, kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake mahakamani kwa ajali ya kazini, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilikataa hoja kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ninachouliza ni jinsi mtu wa kambini, mwenye bendeji mkononi, anavyofika kwako.

Niliwahi kuwa karani wa stoo katika kambi moja ya wachimbaji. Asubuhi moja nililetewa kijana aliyebanwa vidole na koleo la kukazia mabomba, mkono umezongwa fulana, kwa kuwa sanduku la huduma ya kwanza lilikaa kwangu. Nilipofungua daftari kuandika jina la mwajiri wake, kalamu ilisimama. Kofia yake ilikuwa na nembo ya kampuni yenye kitalu, yaani eneo la kuchimbia mafuta, hati yake ya mshahara ilitoka kwa wakala wa vibarua, na msimamizi aliyemwamuru ashike bomba lile alikuwa wa kampuni ya tatu. Mwishowe niliandika majina yote matatu. Wakala alimwambia apone kwanza, mambo ya karatasi yatafuata. Kidonda kilifunga, mkataba ukaisha, na karatasi hazikufuata.

Sheria yenyewe haikuwa imemtupa. Inamruhusu mfanyakazi kutoa taarifa ya ajali kwa mdomo tu, na inampa mwajiri siku 7 tangu apate taarifa hiyo ili aripoti kwako. Inampa majeruhi miezi 12 tangu siku ya ajali kuwasilisha madai, na kifungu cha 27 kinasema kwamba hata asiporipoti kwa mwajiri, haki yake haipotei ikithibitika kwamba mwajiri alijua kwa njia nyingine. Daftari langu la stoo lingeweza kuwa njia hiyo, lakini kijana hakulijua hilo, na nakiri kwamba hata mimi sikulijua. Shida ni kwamba sehemu ya kwanza ya fomu ya kukuripotia ajali hujazwa na mwajiri na ya pili na daktari, kwa hiyo mwajiri asiyetaka kushika kalamu anaweza kuyachelewesha madai ambayo yeye au bima yake ndiye atakayeyalipa. Tena kibarua wa zamu, ambaye kesho yake hujui atalala wapi, hana nguvu ya kumfuata.

Kiasi chenyewe si haba. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa mshahara wa miezi 96: anayelipwa shilingi 30,000 kwa mwezi, daktari akimpa asilimia 10 ya ulemavu, anastahili shilingi 288,000, na madai yakishawasilishwa na ofisi yako mwajiri au bima ana siku 90 za kulipa. Asiyeridhika na uamuzi wako ana siku 60 za kuupinga kwako, nawe unatakiwa kumjibu kwa maandishi ndani ya siku 14, kisha ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Zaidi ya hayo, kifungu cha 16 kinamkinga mwajiri wa majeruhi mwenyewe, hakimkingi kila mtu aliyekuwa kazini siku hiyo. Kama koleo lilikuwa bovu na ni mali ya kampuni nyingine, au msimamizi wa kampuni nyingine ndiye aliyezembea, uko uwezekano wa kesi ya uzembe dhidi ya kampuni hiyo, na muda wake ni miaka 3. Katika kambi yenye makontrakta kumi ndani ya ua mmoja hili si jambo dogo, nami sijawahi kuona bango linalolieleza.

Kwa hiyo naomba, kabla mitambo haijaongezwa Turkana, kila kontrakta na kila wakala wa vibarua atakiwe kubandika langoni, kwa Kiswahili na Kiturkana, jina lake kamili kama mwajiri, jina la kampuni yake ya bima na nambari ya hati ya bima. Naomba pia majeruhi apewe nakala ya fomu siku ile ile inapojazwa, na mwajiri asipoijaza ndani ya siku 7, afisa wako wa kaunti aipokee taarifa moja kwa moja kutoka kwa majeruhi, hata kwa simu, na kumwandikia tarehe ya kupokelewa.

Daftari la stoo ninalo hadi leo. Afisa wako akilihitaji, nitampelekea Lodwar mwenyewe.

Wako mwaminifu,
Karani wa stoo wa zamani