Hukuniambukiza wewe

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako ya juzi niliisikia, na namna ulivyoitamka niliisikia pia. Uliniuliza hali, nikasema nzuri, ukasema haya mama, simu ikakatika. Dakika moja haikutimia. Tangu siku ile nilipowaacha mmesimama nje ya dirisha ndivyo tunavyozungumza, na kosa ni langu kuliko lako. Kuna jambo nimelikalia miezi mingi. Nimeona niliandike, maana kwenye simu nitalia, na wewe utaniwahi kwa "usijali mama", nisimalize.

Hukuniambukiza wewe.

Nasema kuhusu ule usiku wa mzunguko wa nne wa kemo, zile dawa za saratani yangu. Jumapili ulikuja na kikohozi chako, ukakaa mbali, ukaziba mdomo kwa kiwiko, ukaondoka mapema. Siku tatu baadaye nikalazwa. Hesabu uliyoipiga naijua. Mkeo aliniambia ulikaa kwenye gari nje ya hospitali karibu saa nzima ukashindwa kuingia. Jibu la kukutua mzigo huo nilikuwa nalo kabla sijaruhusiwa kurudi nyumbani, nikanyamaza nalo.

Basi sikiliza ilivyokuwa. Dawa nilizokuwa nikiwekewa kila baada ya siku 21 huua seli zinazogawanyika haraka. Saratani hugawanyika haraka, lakini hata mashina ya nywele, ngozi laini ya ndani ya mdomo na utumbo, na uboho wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Nywele mliziona zikidondoka, mdomo mliuona ukitoka vidonda. Msichokiona ni zile chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili, ambazo ndizo za kwanza kukimbilia palipoingia kijidudu. Zenyewe haziishi muda mrefu, na uboho ukilegea hakuna za kushika nafasi. Hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Mtu mwenye afya huwa nazo zaidi ya 1,500 katika mikrolita moja ya damu; zikipungua chini ya 500 daktari hatulii. Mimi usiku ule nilikuwa siku ya 10, na zilipohesabiwa zilikuwa 200.

Saa tatu usiku nilisikia baridi ikinipanda mgongoni. Nikaweka kipimajoto, kikasoma 38.4. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nimeambiwa: ikifika 38, uwe usiku uwe mchana, usingoje, njoo. Lakini baba yako alikuwa ndiyo kwanza kapitiwa na usingizi, amenihangaikia tangu alfajiri, na wewe ulikuwa na kazi asubuhi. Nikameza parasetamoli mbili. Saa moja baadaye kikasoma 37.1. Nikajipongeza, mwanangu! Nikalala. Saa kumi za usiku meno yalikuwa yanagongana kwa kishindo mpaka baba yako akaamka akidhani namsemesha. Tulipofika hospitali presha ilikuwa imeshuka, miguu inanikataa.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Pale mapokezi tuliambiwa tukae kwenye benchi tusubiri zamu, na baba yako unamjua asivyopenda kubishana na watu, akakaa. Mgonjwa wa namna yangu akifika na homa anatakiwa awe ameanza antibayotiki ya mshipani ndani ya saa moja. Mimi ilinifikia baada ya saa mbili na nusu, na ni kwa bahati tu: daktari aliyekuwa akipita aliona kitambaa kichwani, akarudi hatua mbili, akauliza, "Mama, uko kwenye kemo?" Ndiyo maana nataka uishike sentensi hii kichwani, uiseme kwa sauti mlangoni bila kuona haya, kabla hata ya kutaja jina langu: ametibiwa saratani, kinga yake iko chini, ana homa. Sisi tulisema "ana homa" peke yake, na wenye homa pale walikuwa wengi.

Siku ya pili muuguzi alipokuwa akinibadilishia dripu nilimuuliza kwa nini sikuona dalili nyingine, wala kidonda, wala koo kuuma. Akaniuliza kama najua usaha ni nini. Nikasema uchafu. Akacheka, akanieleza kwamba sehemu kubwa ya usaha ni mizoga ya hizo neutrofili. Asiye nazo hatungi usaha, jipu lake halivimbi, hata picha ya mapafu inaweza kuonekana safi wakati ndani kuna nimonia. Kinachobaki cha kumwambia mtu kuwa kuna tatizo mara nyingi ni homa peke yake. Na mimi homa hiyo nilikuwa nimeizima kwa vidonge viwili na glasi ya maji.

Walikuwa wamechukua damu wakaiotesha maabara. Ikaota E. koli. Huyo ni bakteria anayekaa utumboni, alikuwa wangu mwenyewe, pengine wa miaka mingi. Kemo ilikuwa imeuchubua utumbo, naye akapenya, akaingia kwenye damu asikute wa kumzuia. Wagonjwa wengi wa kemo huangushwa hivyo, na vijidudu vilivyokuwa tayari mdomoni, ngozini au tumboni mwao. Ndiyo maana walinisisitizia mswaki laini na kusukutua mdomo kwa maji ya chumvi, jambo nililoliona la kitoto. Kikohozi chako hakikuhusika hata kidogo.

Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu ukishajua si wewe, ungeuliza basi ni nini, na mimi ningelazimika kusema kwamba kipimajoto nilikuwa nacho mkononi nikachagua vidonge. Mimi huyu, niliyekusema wiki nzima ulipoficha kidonda cha mguu ukiwa darasa la tatu, nikikuimbia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Niliona aibu. Nikakuacha ubebe wewe. Unisamehe.

Sasa najua utakachouliza: kama haikuwa kikohozi, mbona mwezi uliopita mlipokuja na mjukuu wangu ana mafua niliwaongelesha kupitia kioo? Ulisema, "Mama, ni mafua tu, na si umeshamaliza dawa?" Mlango sikuufungua. Nilikuona ulivyomeza mate.

Hapo ndipo pana utata, hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Neutrofili zangu zilirudi wiki chache baada ya dripu ya mwisho. Hatari ya usiku ule imepita. Lakini pamoja na kemo nilikuwa napewa rituksimabu, dawa inayolenga seli ziitwazo B, aina nyingine ya chembe nyeupe za damu. Saratani yangu, limfoma, ilitokana na seli hizo, kwa hiyo dawa ilipiga penyewe, ila haibagui seli B iliyoharibika na iliyo nzima. Inazifagia zote. Na hizo ndizo zinazozaa kingamwili, zile zinazomtambua kijidudu na kumng'ang'ania. Huanza kurudi taratibu, mara nyingi kati ya miezi 6 na 12 baada ya dozi ya mwisho. Mimi niko mwezi wa tano. Kwa hiyo mambo yamegeuka: wakati wa kemo adui alikuwa tumboni mwangu, sasa yuko kwenye pumzi za watu. Mafua ya kawaida, korona, nimonia. Yale yanayompita mtoto kwa siku nne, kwangu yanaweza kushuka kifuani yakakaa wiki nyingi.

Tatizo ni nywele. Zimeota, tena zimeota na mawimbi ambayo sikuzaliwa nayo, na kila anayeniona ananipa pongezi ya kupona na mkono wa salamu. Nilipokuwa na kipara watu walijiweka mbali wenyewe.

Chanjo nilidhani zitanimalizia shida. Daktari akasema nyingi tungoje walau miezi sita baada ya rituksimabu, maana chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili, na fundi wa kuzitengeneza bado hayupo. Nikifika huko nitapewa ya nimonia, na ya mkanda wa jeshi ile isiyo na kirusi hai. Zenye virusi hai, kama ya surua, tetekuwanga au homa ya manjano, nisiguse mpaka atakaponiruhusu mwenyewe. Kwa hiyo naomba wewe na mkeo mkachanje ya homa ya mafua mwaka huu. Yangu inaweza isishike. Yenu itashika, na msipougua ninyi hamtaniletea.

Mtoto naye msimnyime chanjo yoyote kwa ajili yangu. Mwambieni tu muuguzi wa kliniki kwamba bibi yake kinga imeshuka. Matone ya polio yana kirusi hai kinachotoka na choo kwa wiki kadhaa, kwa hiyo waulizeni kama kuna ya sindano, na akishapewa matone mniambie tupange. Nepi zake nazisamehe kwa sasa. Usidhani nasikitika sana.

Na ukisikia tetekuwanga imeingia kwa watoto anaocheza nao au nyumbani kwa jirani, nipigie siku hiyo hiyo hata kama yeye hana kipele. Nikishakaa naye, daktari anatakiwa ajue mapema. Vivyo hivyo mimi nikikwambia ngozi inaniwaka upande mmoja wa mwili, hata kabla ya malengelenge, usiniambie nimelalia vibaya. Huo unaweza kuwa mkanda wa jeshi, na dawa zake hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 72.

Mikono nayo. Nilidhani najua kunawa, umri huu! Muuguzi aliniweka mbele ya sinki na saa yake, akaniambia sabuni, sekunde 20, anza. Nilipomaliza aliniuliza: na kidole gumba? Nilikuwa nimesugua viganja tu. Sasa gumba nalishika kwa ngumi ya mkono mwingine nalizungusha, kisha ncha za kucha kwenye kiganja. Mfundishe na huyo mdogo, kwa watoto ni mchezo.

Kuhusu chakula sina mengi. Mwanzoni nilikatazwa kila kibichi, nikaishi kwa vitu vilivyochemshwa mpaka nikachukia sufuria. Baadaye daktari aliniambia kwamba katazo hilo halijaonekana kumkinga mgonjwa kuliko usafi wa kawaida wa chakula. Nyama iive mpaka ndani, yai lisiwe na ute, maziwa yachemshwe, tunda lioshwe vizuri, kiporo kisikae nje zaidi ya saa mbili. Hayo mkeo anayafanya tayari.

Shangazi yako yeye ameniletea unga kwenye chupa, wa "kupandisha kinga". Hii ni chupa ya tatu. Nimemshukuru, nimeiweka kabatini na wenzake. Kuna mitishamba inayobadilisha namna ini linavyoshughulikia dawa za hospitali, na unga usiojulikana ulisagiwa wapi unaweza kuwa na ukungu. Ukiulizwa, sema mama anatumia. Hapo nakuruhusu udanganye. Kinachonisaidia mimi ni kutembea kila jioni nusu saa na baba yako, ambaye ananilalamikia kwamba namkimbiza.

Sasa mje. Nimesema mje. Asiwe na kikohozi wala kamasi wala homa, na wewe vilevile. Mkiwa na shaka ahirisheni siku chache, na nikisema hapana usinisikie vibaya, uniulize sababu nami nitakujibu. Tutakaa nje au tufungue madirisha yote. Mtanawa mkifika. Nitambusu kisogoni na miguuni, usoni bado. Na mimi nakuahidi kitu: kipimajoto kikisoma 38 nitakupigia kabla ya kugusa kidonge, hata ikiwa saa tisa za usiku, hata ukiwa na kazi asubuhi. Weka simu karibu na mto.

Unakumbuka siku ile mjukuu wangu alivyochoka kunipungia, akakilamba kile kioo chote kuanzia chini? Wewe ulikuwa umegeuka, hukuniona nilivyocheka. Alama ya ulimi wake bado ipo, upande wa nje. Baba yako alitaka kuifuta Jumamosi, nikamwambia akiigusa atalala kwenye kochi.

Mama yako