Rangi Mpya Haiponyi Skrubu Iliyolika

Sisi hukagua mashine za mtumba, na tumeambiwa tena kwamba tunatoza pesa za bure kwa "kuzungusha hendo tu". Aliyelalamika alinunua mashine ya milingi (ya kuchonga chuma) ya mtumba bila kuikagua, akatuita baadaye kwake Utawala, Nairobi. Alipoona hesabu ya ukarabati alikasirika, akatuona sisi ndio walaghai. Basi tueleze kazi yenyewe.

Ilikuwa ya chapa ya Bridgeport, imepakwa kijani hadi juu ya vibao vya namba. Muuzaji aliiwasha, mota ikanguruma vizuri, pesa zikatoka. Sisi tuliweka geji ya mshale, inayoonyesha msogeo mdogo sana, kwenye meza, tukageuza mwelekeo wa hendo inayozungusha skrubu ya kusogeza meza. Pale katikati, hendo ilizunguka karibu robo nzima kabla meza haijasogea. Fundi wake akasema tukaze nati ya skrubu hiyo. Ukiikaza hapo, meza ikifika karibu na ncha, ambako meno ya skrubu bado ni mazima, inakwama. Dawa ni skrubu na nati mpya, na hizo tunaagiza kutoka nje. Bei ilitoka hapo. Picha za WhatsApp haziwezi kukuonyesha haya.

Reli ambazo meza huteleza juu yake nazo hulika katikati, kwa sababu kazi nyingi hufanyiwa hapo. Alama za kukwaruliwa, zilizoachwa reli zilipolainishwa kiwandani, zikionekana bado, ni dalili njema, ingawa kuna wauzaji wanaozichora upya. Ndiyo maana tunapima, hatutazami tu. Spindo, yaani mhimili unaozungusha kikata, tunaipima ndani ya tundu la koleti, kishikio cha kikata hicho, kisha tunaiacha izunguke kwa kasi hadi ipate moto, tukisikiliza beringi.

Halafu umeme. Nyumba nyingi zina fezi moja ya volti 240, na mashine hizi nyingi ni za fezi tatu, volti 415. Watu hukimbilia inveta ya bei rahisi, ya kugeuza fezi moja kuwa tatu, kumbe inveta ya kawaida inayolishwa fezi moja haitoi zaidi ya volti 240. Mota iliyofungwa kwa 415 pekee itakosa nguvu hadi ifunguliwe na kuungwa upya, kama inaruhusu. Soma kibao cha mota kabla ya kulipa.

Ukaguzi unachukua mafundi wawili asubuhi nzima. Tukikwambia usinunue, malipo ni yaleyale, na kwa muuzaji hatupokei hata shilingi.

Ukitupigia, hakikisha mashine imeungwa umeme na muuzaji hajaisafisha grisi. Bila umeme hatuwezi kupima spindo ikiwa moto, na safari ya pili inalipiwa.