Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi

Mheshimiwa Waziri,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: MSONGO WA KAZI KWA ASKARI MAGEREZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni askari magereza mstaafu, mkazi wa Dodoma. Hata sasa, sina funguo wala zamu, huamka saa tisa usiku nikashika komeo la kila mlango, nikawahesabu wajukuu waliolala, kisha nikarudia kwa kuwa hesabu ya kwanza hainitoshi. Mke wangu huliita lindo la uzeeni.

Mheshimiwa, msongo wa kazi hii hubadilika sura. Askari mpya huwaogopa wafungwa. Akishawazoea, kinachomnyima usingizi ni uhamisho unaomkuta watoto wakiwa katikati ya muhula, zamu za usiku zinazofuatana, na cheo kinachochelewa. Akikaribia kustaafu huliogopa geti lenyewe, maana hajui ataishije nje yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiwahusu Polisi wala Magereza, na askari hana chama cha wafanyakazi cha kumsemea. Anabaki na mkubwa wake wa kazi, ambaye ndiye pia mwenye kauli katika kupanda kwake cheo. Nilipoanza kukosa usingizi nilimweleza mkubwa wangu mmoja. Akanijibu kwamba askari hachoki, na mwezi uliofuata nikapangiwa lindo la mnarani, usiku, peke yangu. Sikulitaja tena jambo hilo kwa miaka 15.

Ninaomba kila askari akutane na mshauri nasaha kwa ratiba, bila kusubiri augue: mwaka wa kwanza, katikati ya utumishi na kabla ya kustaafu. Mshauri huyo asiwe mwenye cheo jeshini, na anayoambiwa yasiingie kabisa katika faili la utumishi, la sivyo hakuna atakayefungua kinywa. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko hapahapa mjini, na kupitia kituo chake cha Isanga imewahudumia kwa miaka mingi wahalifu wenye maradhi ya akili. Wanaowalinda wafungwa nao wapewe siku yao, na majaribio yaanzie Dodoma.

Nikihitajika kutoa maelezo zaidi, nitapanda daladala hadi Mtumba. Siku hizi nina muda.

Wako mtiifu,
Askari Magereza mstaafu,
Dodoma.